Bridgetown kwa Miguu: Kushuka Melini, Kuuzunguka Mji na Kurudi Kabla Ngazi Haijapandishwa

Mtu wa kwanza utakayekutana naye ukitoka bandarini Bridgetown atakuambia kwamba mjini ni mbali. Si mbali. Kutoka geti la bandari hadi katikati ya mji mkuu huu wa Barbados ni kama kilomita moja na nusu, barabara tambarare, bahari iko mkono wako wa kulia. Ni mwendo wa dakika 20 hadi 30 kwa mtu asiye na haraka. Anayekuambia ni mbali ana teksi, naye anatafuta riziki. Mjibu kwa adabu uendelee.

Nimeichagua Bridgetown kati ya bandari zote za Karibi kwa sababu ni rahisi kuizoea kwa mtu wa kwetu. Magari yanapita kushoto. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama za Lamu na Mji Mkongwe. Vipanya vyao vinapiga muziki kama matatu. Na katikati ya mji kuna mbuyu mkubwa ambao asili yake ni Afrika. Mwongozo huu ni wa abiria, lakini pia ni wa Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi kwenye meli hizi, ambao hupewa saa chache za kushuka na mara nyingi huishia kwenye intaneti ya bandarini.

Kwanza kabisa: saa

Wezi hawawaponzi abiria wengi kama saa inavyowaponza. Meli ya kitalii ina saa yake, na si lazima ilingane na saa ya mji. Barbados iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 7, na haibadilishi saa mwaka mzima. Florida, ambako safari nyingi huanzia, hubadilisha. Kwa hiyo majira ya baridi meli iliyoshika saa ya Florida itakuwa nyuma ya saa ya Bridgetown kwa saa nzima. Hapa kosa la kufuata saa ya mji litakurudisha mapema tu, halina madhara. Lakini Cozumel, Mexico, majira ya joto mambo hugeuka: simu yako itashika saa ya mji, meli itakuwa mbele kwa saa moja, nawe utafika gatini ukakuta maji matupu.

Kwa hiyo, kabla ya kukanyaga ngazi, piga picha ubao unaoonyesha saa ya mwisho ya kupanda. Kisha linganisha saa yako ya mkononi na saa ya melini, na siku hiyo usiiamini simu.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Ubao ukiandika 16:30, hiyo ni saa kumi na nusu jioni. Ukiandika 4:30 peke yake, kichwa kilichochomwa na jua kinaweza kusoma saa nne na nusu na kujiona kina usiku mzima. Andika kwenye karatasi kwa maneno: saa kumi na nusu alasiri. Toa saa moja kwa ajili ya njia, toa nusu saa nyingine kwa ajili ya ujinga. Saa inayobaki ndiyo ya kugeuza miguu, hata kama ndiyo kwanza umeagiza chakula.

Ratiba inayonifaa mimi, meli ikiwa imefunga gati asubuhi na kuondoka jioni: kushuka saa tatu asubuhi, kuzunguka mji kabla jua halijawa kali, kuwa kivulini au majini saa sita hadi saa nane, kisha kurudi. Jua la nyuzi 13 kaskazini mwa ikweta ni kali kama la Dar. Upepo wa bahari unakudanganya tu kwamba huungui.

Mfukoni na mwilini

Beba kadi ya meli, kitambulisho chenye picha na nakala ya pasipoti. Pasipoti yenyewe iache kwenye kasha la chumbani, isipokuwa meli imesema vinginevyo au unataka kununua bidhaa zisizotozwa ushuru, ambazo maduka hudai uthibitisho kwamba wewe ni msafiri. Mfanyakazi wa meli achukue kibali chake cha kushuka. Mambo ya viza usimuulize jirani wa mezani. Iulize kampuni ya meli kwa maandishi kabla hujalipa, na kumbuka kwamba safari inayoanzia na kuishia Florida inakutaka uwe na viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli inatoka na kurudi.

Chukua chupa ya maji. Maji ya bomba Barbados yanachujwa na mwamba wa chokaa wa kisiwa chenyewe na yananyweka bila wasiwasi, kwa hiyo utajaza tena mjini. Chukua kofia, krimu ya jua, kanga au taulo jepesi, na viatu vilivyofungwa vizuri. Ndara ni za ufukweni. Njia za miguu mjini ni nyembamba, zinapanda na kushuka, na pembeni kuna mitaro mirefu ya maji ya mvua inayovunja vifundo vya miguu vya watu wanaotembea wakitazama simu. Matunda na vyakula vya melini usishuke navyo. Visiwa hivi vinalinda kilimo chao.

Halafu nguo. Kuvaa vazi la mabaka ya kijeshi Barbados ni kosa la jinai kwa yeyote asiye mwanajeshi, mtoto akiwemo, hata kama ni kofia tu au begi. Mtu wa Tanzania au Uganda halimshangazi hilo, kwa sababu kwetu nako ukionekana na mabaka utaulizwa umeyatoa wapi. Lakini abiria wengi hawajui, na vazi lao huweza kuchukuliwa getini. Na nguo za kuogelea ni za ufukweni, si za Broad Street, barabara kuu ya maduka mjini. Waliokulia Zanzibar hawahitaji kuelezwa zaidi.

Simu iweke kwenye hali ya ndege ukiwa melini, kwani mtandao wa setilaiti wa chombo unaweza kukutoza pesa za kutisha bila wewe kupiga hata simu moja. Pakua ramani ya Bridgetown mapema, ifanye kazi bila intaneti.

Getini hadi Careenage

Ukishuka ngazi, tazama kwanza meli yako imefungwa wapi. Bandari hii, iliyofunguliwa mwaka 1961, ina magati yaliyosambaa, na kutoka baadhi yake hadi jengo la abiria ni mwendo. Kama kuna basi la ndani, panda. Hakuna cha kutazama kati ya makontena. Hesabu dakika hizo katika safari ya kurudi.

Nje ya geti watakujia wenye teksi. Hawana ubaya, ila wanasema sana. Hapa ndipo unapojifunza jambo linalofungua milango yote ya kisiwa hiki: salamu. Wabajani, ndivyo wenyeji wanavyojiita, hawapendi mtu anayeanza na swali bila kumtakia mwenziwe asubuhi njema. Ukiingia dukani ukauliza bei kabla ya salamu, utajibiwa, lakini utajibiwa kama mtu asiyelelewa. Sisi tunaoanza na hujambo, habari za asubuhi na za nyumbani, tumezaliwa na ufunguo huo. Sema asubuhi njema kwa Kiingereza, tabasamu, sema hapana asante, pita.

Fuata barabara ya Princess Alice Highway. Palipo na njia ya miguu, itumie. Pale inapokatika, tembea upande wa kulia ukikabili magari yanayokuja, kama ulivyofundishwa shuleni. Abiria kutoka Marekani na Ulaya bara hutazama upande usio wao wanapovuka, na hapo ndipo ajali zilipo. Wewe macho yako yameshazoea. Usishtuke ukipigiwa honi. Mara nyingi dereva anamsalimu mwenzake au anashukuru kwa kupishwa.

Njiani utapita Pelican Village, vibanda vya mafundi na wasanii, na kituo cha mabasi kilichobeba jina la barabara yenyewe. Vibandani ni afadhali upite wakati wa kurudi, usije ukabeba kinyago cha udongo mchana kutwa. Ukifika soko la Cheapside umeshaingia mjini.

Endelea hadi kwenye maji yanayoingia katikati ya mji. Hapo ni Careenage, mlango wa mto Constitution. Jina linatokana na kazi iliyofanyika hapo: meli za matanga zililazwa ubavu ili chini yake pakwanguliwe na kuzibwa nyufa. Aliyewahi kuona jahazi limepwelewa ufukweni, mafundi wakilikwangua na kulipaka shahamu, anaijua kazi hiyo bila maelezo. Siku hizi hapo hufungwa boti za starehe. Daraja la Chamberlain ni la waenda kwa miguu, lina tao la uhuru upande wa pili, na ukisimama juu yake unaona mji mzima umepangwa mbele yako. Liweke kuwa alama yako. Ukipotea popote, uliza njia ya Careenage.

Mji wenyewe

Mbele ya daraja ni uwanja wa National Heroes Square. Hadi mwaka 1999 uliitwa Trafalgar Square, na sanamu ya Nelson, kamanda wa vita vya majini wa Uingereza, ilisimama hapo tangu 1813, kabla hata London hawajamjengea mnara wao. Tarehe 16 Novemba 2020 iliteremshwa mbele ya umati. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 30 Novemba 2021, Barbados ikawa jamhuri na kumwondoa malkia wa Uingereza kama mkuu wa nchi. Zungumza na mzee yeyote aliyekaa benchi kuhusu jambo hilo, baada ya salamu, na utapata darasa ambalo hakuna ziara ya basi itakayokupa.

Upande wa pili wa barabara ni majengo ya Bunge, ya miaka ya 1870, yenye mnara wa saa. Bunge lenyewe lilianza 1639. Sogea uguse ukuta: ni matumbawe. Kisiwa kizima kimekaa juu ya chokaa ya matumbawe, ndiyo maana mji ukapata rangi ile ya maziwa yaliyoungua kidogo. Mwaka 2011 UNESCO iliweka Bridgetown ya kale pamoja na Garrison yake, yaani kambi ya kale ya jeshi la Uingereza, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sasa una barabara mbili za kuchagua. Broad Street ni ya maduka makubwa, vito na saa za mkononi, na kusema kweli utaona maduka ya namna hiyo kila bandari hadi uchoke. Sambamba nayo kuna Swan Street, ya waenda kwa miguu, ambako wenyeji wenyewe wananunua vitambaa, viatu na matunda. Ichague hiyo. Tembea katikati ya njia, begi mbele, simu mfukoni, kama unavyofanya Kariakoo au Marikiti. Tahadhari ni ileile, na msongamano ni mdogo zaidi. Karibu na hapo liko sinagogi la Nidhe Israel, lililoanzishwa 1654 na Wayahudi waliotoka Brazil, likabomolewa na kimbunga cha 1831 na kujengwa upya 1833. Siku ya Sabato usitegemee kuingia.

Kutoka uwanjani elekea mashariki, pita kanisa kuu la St. Michael, na baada ya dakika kama 10 uko Queen's Park. Mbuyu uko humo. Inasemekana uliletwa kutoka Guinea mnamo 1738 hivi, wakati ambapo meli zilizotia nanga hapa zilikuwa zikishusha watu waliotekwa Afrika Magharibi ili wakalime miwa. Hakuna aliyeandika nani alibeba mbegu hiyo. Mimi hukaa chini yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini, na simwombi radhi mtu kwa hilo. Kivuli ni kizuri, mabenchi yapo, na hospitali kuu ya kisiwa, Queen Elizabeth, iko jirani, jambo la kujua kwa anayetembea na mzee au mtoto.

Jumapili ni habari nyingine. Maduka mengi hufungwa, mitaa huwa mitupu, na utupu ndio unaopunguza usalama. Meli yako ikifika Jumapili au sikukuu, kama Siku ya Uhuru tarehe 30 Novemba, pita mjini haraka utazame majengo, kisha nenda pwani ambako watu wapo.

Pwani, na mti usioukaribia

Vuka daraja la Chamberlain, fuata Bay Street kuelekea kusini, na baada ya dakika 15 hivi unaona mchanga wa Brownes Beach ndani ya ghuba ya Carlisle. Baki kwenye barabara kuu. Mitaa ya Nelson na Wellington iliyo nyuma yake hutajwa kwenye tahadhari za usafiri za Marekani, na mchana au usiku huna ulichopoteza huko.

Upande huu ni wa magharibi, bahari imetulia, na mashua zilizozama chini ya ghuba zimekuwa makazi ya samaki na kasa. Upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye bahari ya Atlantiki, mawimbi na mikondo huua, na mtu aliyeogelea Nungwi maisha yake yote asijidanganye huko. Hata hapa Carlisle ogelea walipo wengine, na vitu vyako aviangalie mwenzako aliyebaki nchi kavu. Ukiwa peke yako, beba mfuko usioingia maji, ndani yake uweke kadi na noti mbili, basi.

Kivuli cha bure ufukweni kichunguze kwanza. Kuna mti uitwao manchineel, wenye majani ya kung'aa na matunda ya kijani yanayofanana na matufaha madogo. Utomvu wake mweupe unababua ngozi, na matone ya mvua yakidondoka kutoka kwenye majani yanakuachia malengelenge. Ukila tunda, koo linaungua. Mingi imepigwa mstari mwekundu kwenye shina au kuwekewa kibao, lakini si yote. Mvua ikinyesha, kimbilia kwenye kibanda, usikimbilie mti usioujua. Nakuambia hili kwa msisitizo kwa sababu sisi tuna desturi ya kuokota tunda lililoanguka na kulifuta kwenye shati.

Pesa na tumbo

Dola ya Barbados imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1975: mbili za kwao kwa moja ya Marekani. Zote zinapokelewa na zote zinaitwa dola. Hapo ndipo unapoweza kulipa mara mbili bila mtu kukuibia. Ukitajiwa bei, uliza papo hapo ni dola ya wapi. Beba noti ndogondogo za Marekani. Chenji utarudishiwa kwa pesa ya hapa, kwa hiyo usivunje noti ya mia karibu na saa ya kuondoka.

Cha kula ni cou-cou na samaki arukaye, na ukiiona cou-cou utacheka: ni unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia. Ni ugali wenye utelezi. Kwa anayetembea, mkate mdogo wenye samaki ndani unatosha, na hushikika mkononi. Ramu ya kisiwa hiki ina sifa kubwa, lakini iache hadi ufike karibu na geti. Jua, ramu na mitaro havipatani.

Miguu ikikataa

Kutoka Brownes Beach hadi melini ni dakika 45 au zaidi, na baada ya kuogelea hizo ni nyingi. Kuna mabasi ya serikali ya buluu, mabasi madogo ya manjano, na vile vipanya vyeupe vyenye mstari wa maruni, vinavyoitwa ZR kwa sababu ya herufi za namba zao. Nauli imekuwa moja kwa safari yoyote, dola 3.50 za Barbados. Kwenye basi la serikali uwe na kiasi kamili. Vibao vya vituo vimeandikwa kama gari linaingia mjini au linatoka, kwa hiyo chagua upande sahihi wa barabara. ZR itakukumbusha nyumbani: muziki, mwendo, na watu kujazana hadi mlangoni. Teksi hazina mita, kwa hiyo patana bei na aina ya dola kabla hujafunga mlango.

Mambo yakienda kombo

Namba za dharura ni tatu: polisi 211, zimamoto 311, gari la wagonjwa 511. Ziandike kwenye karatasi ileile ya saa, pamoja na jina na simu ya wakala wa meli, ambavyo huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku melini. Watu hutupa karatasi hiyo. Wewe ikunje uweke mfukoni.

Ukiporwa, toa kitu, usishindane, nenda dukani penye watu na upige 211. Ukichelewa, piga wakala mara tu unapojua kwamba utachelewa, usingoje hadi ufike. Meli husubiri waliotoka na ziara zake yenyewe. Aliyetoka kwa miguu yake haisubiri. Ikishaondoka, kwenye meli nyingi pasipoti ya aliyeachwa hutolewa chumbani na kukabidhiwa kwa wakala, na kuanzia hapo tiketi ya ndege kwenda bandari inayofuata ni ya mfuko wako.

Kati ya Juni na Novemba, msimu wa vimbunga, tazama utabiri asubuhi. Mvua ya kawaida hupita haraka, lakini meli inaweza kubadilisha saa ya kuondoka, na tangazo hutolewa melini, si mjini. Muulize mlinzi wa ngazi unaposhuka.

Ukirudi getini shika kadi na kitambulisho mkononi, kwa sababu foleni ya saa ya mwisho ni ndefu na begi lako litapita kwenye mashine. Chupa ya ramu uliyonunua itachukuliwa na kuwekwa stoo hadi mwisho wa safari, nawe utapewa risiti. Itunze, usije ukagombana na mtu asubuhi ya kushuka mizigo.